Swichi gani inafaa mashini ya ndani ya vumbi?

Kwenye atelié ya mbao ao ya vyuma, Kabambare kama kwingine, vumbi na mafuta vinaingia kila mahali. Swichi ya mwisho ndiyo inasimamisha meza ya mashini ikifika mwisho wa njia yake. Ikikwama, meza inaendelea, na fundi anaweza kupoteza vidole.

Mbele ya kununua, angalieni herufi IP. Namba ya kwanza ni ya vumbi: 6 maana yake haliingii kabisa. Ya pili ni ya maji. Chukueni IP65 ao IP67, IP20 haifai. Lakini tundu la waya likibaki wazi, namba hizo hazina kazi.

Tena, fundi aunganishe upande ambao umeme unapita wakati swichi haijaguswa: waya ukikatika, mashini inasimama yenyewe.