Umeme Unaotunzwa Ndani ya Kifuu

Nazi ikishakunwa kwenye mbuzi, kifuu hutupwa mekoni kikachochee moto, na kile kizuri kidogo huchongwa upawa. Kampuni ya Kuraray ya Japani hukitazama kifuu hichohicho kwa jicho jingine. Hukigeuza kuwa unga wa mkaa, unga huo ukapakwa juu ya karatasi nyembamba ya alumini na kuwa elektrodi ya superkapasita, kifaa cha kutunza umeme ambacho hujaa chaji kwa sekunde.

Superkapasita na betri ni ndugu wenye tabia tofauti. Katika betri ya simu, ioni za lithiamu hupenya hadi ndani ya elektrodi, kisha hutoka tena. Safari hiyo huchukua muda, na kila mara elektrodi huvimba na kusinyaa. Hiyo ni sababu mojawapo ya betri kuchoka. Katika superkapasita hakuna kupenya. Elektrodi mbili za mkaa hulowekwa katika kimiminika chenye ioni. Umeme ukiunganishwa, ioni chanya hukimbilia elektrodi hasi na ioni hasi hukimbilia chanya, zikaganda juu ya uso wa mkaa. Umeme ukihitajika, zinaachia. Mwanafizikia Mjerumani Hermann von Helmholtz aliueleza mpangilio huu wa chaji zinazotazamana mwaka 1853. Kwa kuwa kazi yote ni kushika na kuachia, kifaa huweza kujazwa na kutumiwa mara laki kadhaa, hata milioni, kabla ya kudhoofika.

Hapo uso ndio ghala, na mkaa wa kifuu una uso usioaminika kwa macho. Kifuu huchomwa kwanza pasipo hewa ya kutosha, kama afanyavyo mchoma mkaa kwenye tanuri lake la udongo. Kisha mkaa hupitishiwa mvuke wenye joto linalokaribia nyuzi 900 za Selsiasi. Mvuke huula mkaa kidogo kidogo kutoka ndani, ukaacha vitundu vingi vyenye upana wa nanomita 1 au 2. Unywele wa binadamu una upana wa nanomita 80,000 hivi, kwa hiyo hata hadubini ya kawaida ya maabara haivioni vitundu hivyo. Ukizikunjua kuta zake zote, gramu 4 au 5 za mkaa zitatandika uwanja mzima wa mpira. Mkaa wa aina hii ndio pia hospitali humpa mgonjwa aliyemeza baadhi ya sumu: sumu hunata kwenye kuta zilezile. (Mkaa wa jikoni haujapitia mvuke huo na haufanyi kazi hiyo.)

Udhaifu wa superkapasita uko wazi. Kilo moja hubeba saa-wati 5 hadi 10, wakati betri ya lithiamu ya uzito huo hubeba zaidi ya 150. Isitoshe, chaji yake huvuja yenyewe baada ya siku au wiki. Kwa hiyo hupewa kazi za nguvu ya ghafla: kufungua milango ya ndege ya Airbus A380 wakati wa dharura, au kuendesha baadhi ya mabasi ya Shanghai, ambayo kuanzia 2006 yalichajiwa kituoni abiria wakipanda na kushuka.

Watafiti wanataka kuipunguza tofauti hiyo kati ya superkapasita na betri. Grafini, yaani kaboni ya karatasi nyembamba mno, ilisifiwa sana, lakini karatasi zake hurudi kushikana kama kurasa zilizoloa, uso ukapotea. Oksidi ya rutheni hutunza umeme mwingi, ila ni madini ya bei ya kutisha. Oksidi ya manganizi ni rahisi kupatikana, lakini haipitishi umeme vizuri, hivyo lazima ipakwe kama utando mwembamba juu ya kaboni. Mimi naona habari kubwa zaidi imetoka kwenye mkaa wenyewe.

Mwaka 2006, watafiti wa Philadelphia na Toulouse, wakiwamo Yury Gogotsi na Patrice Simon, walionyesha kwamba vitundu vya chini ya nanomita 1 hutunza chaji nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Ioni hutembea zikiwa zimevikwa molekuli za kimiminika, na ili kuingia kwenye tundu jembamba hulazimika kuvua vazi hilo, zikausogelea ukuta zaidi. Kwa miaka mingi, juhudi nyingi zikawa za kupima tundu.

Mwaka 2024, kundi la Alexander Forse wa Chuo Kikuu cha Cambridge lililinganisha aina mbalimbali za mkaa unaouzwa na makampuni kwa ajili ya vifaa hivi, likachunguza kwa sumaku zenye nguvu jinsi atomi za kaboni zilivyojipanga. Upana wa vitundu haukueleza tofauti walizoziona. Zilielezwa na mpangilio: mkaa ambao vipande vyake vya kaboni ni vidogo na vimekaa shaghalabaghala ndio uliotunza chaji nyingi zaidi.