Meno ya sungura: Hurefuka hadi mnyama akashindwa kula

SUNGURA amewekewa mchicha asubuhi. Anausogelea, anaunusa, analishika jani moja kwa mdomo kisha analiangusha. Jioni mchicha umenyaukia pale pale, na watoto wa nyumba hiyo wanamweleza mama yao kuwa sungura amegoma kula.

Mara nyingi huo si mgomo. Mnyama ana njaa, lakini meno yamerefuka kiasi kwamba hawezi tena kukata wala kutafuna.

Ufugaji wa sungura umekuwa jambo la kawaida katika miji ya Afrika Mashariki, wengine wakimfuga kwa ajili ya kitoweo na wengine kama rafiki wa watoto. Kibanda chake hakihitaji eneo kubwa, na chakula chake hupatikana sokoni kwa bei nafuu. Kinachosahaulika na wengi ni kinywa chake.

Tofauti na binadamu, ambaye jino lake likishakomaa haliongezeki urefu, sungura huota meno maisha yake yote. Ana meno 28, nayo yote hukua bila kukoma. Meno ya mbele huongezeka takriban milimita mbili au zaidi kila wiki, ambayo ni zaidi ya sentimeta 10 kwa mwaka iwapo hayapungui kwa njia yoyote.

Maumbile yameweka njia ya kuyapunguza. Meno ya mbele ya juu na ya chini hukutana na kunoana kila mnyama anapokata jani, wakati magego husagana taya linapokwenda upande huu na upande ule. Nyasi ndizo zinazofanya kazi kubwa zaidi, kwa kuwa ni ngumu, zina chembechembe zinazokwangua kama msasa, na humlazimu mnyama atafune kwa muda mrefu.

Hapo ndipo lishe ya mjini inapoleta kasoro. Pumba, mabaki ya ugali, mkate na chakula cha viwandani cha punje humshibisha sungura kwa muda mfupi, tena kwa kuponda tu, bila taya kuzunguka inavyotakiwa. Magego hayasagiki sawasawa. Kwa kuwa taya la chini ni jembamba kuliko la juu, kingo zisizosagwa hugeuka ncha kali: za chini huchoma ulimi, za juu huchoma mashavu.

Karoti, ambayo michoro ya watoto imeifanya kuwa chakula kikuu cha sungura, haisaidii sana. Ina sukari nyingi na humalizika upesi. Inafaa itolewe kipande kidogo, kama mtu anavyompa mtoto peremende.

Chanzo kingine ni urithi. Wapo sungura wanaozaliwa na taya la juu fupi kuliko la chini, hasa wa aina zenye umbo dogo na uso bapa. Kwao meno ya mbele hayakutani kabisa. Ya chini huchomoza nje kama pembe na ya juu hujikunja kuelekea ndani ya kinywa. Sungura wa namna hiyo hafai kuzalishwa, hata akiwa na manyoya ya kupendeza, kwani kasoro hiyo huweza kujitokeza kwa watoto wake.

Dalili za awali ni ndogo na ni rahisi kuzipuuza. Kidevu huwa na majimaji kutokana na ute, jicho moja hutoa machozi kwa sababu mizizi ya meno ya juu hubana mfereji wa machozi, na kinyesi hupungua au huwa punje ndogo kuliko kawaida. Sungura huanza kuchagua vyakula laini na kuacha nyasi. Kumpima kwenye mzani wa jikoni kila wiki hufichua upungufu wa uzito kabla macho hayajauona chini ya manyoya.

Hatari yenyewe haiko kinywani pekee. Utumbo wa sungura umeumbwa kupokea chakula karibu saa zote. Akikaa nusu siku bila kula chochote, utumbo huweza kusimama, gesi ikajaa tumboni, na mnyama akafa ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo sungura asiyekula si wa kusubiriwa hadi kesho kutwa.

Wapo wanaochukua plaizi au kikata kucha na kuyakata meno hayo nyumbani. Kitendo hicho huonekana kuwa cha huruma, lakini ni cha hatari. Jino hupasuka kwa urefu hadi ndani ya fizi, vijidudu hupata njia, na baada ya wiki kadhaa jipu huota kwenye taya. Usaha wa sungura ni mzito mithili ya jibini, hautoki kwa kukamuliwa, na jipu hilo ni gumu kutibika.

Daktari wa mifugo hupunguza meno kwa mashine ndogo yenye kisagio, na kwa magego humtia mnyama nusukaputi kwanza. Mwenye sungura hapaswi kumnyima chakula usiku wa kuamkia siku hiyo kama ilivyo kwa mbwa, kwani sungura hawezi kutapika na kufunga humdhuru.

Jambo jingine linalowagharimu wengi ni dawa. Vidonge vya amoksilini vilivyobaki nyumbani baada ya mtu kuugua huweza kumuua sungura vikipitia kinywani, kwa kuwa huangamiza vijidudu vyema vya utumbo na kuacha vyenye sumu vikistawi. Ampisilini nayo ni vivyo hivyo.

Hamsta, anayefugwa zaidi Ulaya na Marekani, ana tatizo linalofanana na hilo kwa kiasi. Wengi wa hamsta wa dhahabu wanaofugwa duniani wametokana na familia moja iliyokamatwa karibu na Aleppo, Syria, mwaka 1930. Ana meno 16, lakini manne tu ya mbele ndiyo yanayokua bila kukoma. Rangi yake ya manjano si uchafu, ni afya. Wenye kuyasugua hupoteza muda. Hamsta huyavunja au kuyapinda kwa kung'ata nondo za kizimba, na kijiti cha mti usiopuliziwa dawa humfaa zaidi.

Kwa sungura, kinga iko kwenye nyasi: mbichi au kavu, ziwepo kibandani mchana na usiku, zikiwa sehemu kubwa ya mlo. Nyasi za Rhodes zilizokaushwa zinafaa. Mchicha, matembele na kishona nguo huongezwa juu yake. Jua la asubuhi nalo husaidia mwili kupata vitamini D, ambayo taya na meno huihitaji.

Kwa yule aliyezaliwa na taya lililopishana, nyasi hazitoshi. Atahitaji kupunguzwa meno kila baada ya wiki chache, au daktari ayang'oe yote sita ya mbele. Baada ya hapo hushika chakula kwa midomo, na mchicha wake hukatwakatwa vipande vyembamba kila siku, kazi ambayo huenda ikadumu miaka minane au zaidi.