Ozoni, Jua Kali na Mahindi Yanayonyauka

Ndugu mkulima wa Tarime na Serengeti! Vuli ikichelewa kidogo tu, mnadani utasikia mtu anasema: "Ozoni imetoboka, jua limetushukia, kupanda ni kazi bure." Ukiyaamini utaacha shamba. Hebu tuyachambue.

Ozoni ni aina ya hewa. Sehemu yake kubwa iko kilometa 15 hadi 35 hivi juu yetu, nayo huzuia mionzi ya jua inayodhuru ngozi na macho. Kule karibu na ncha za dunia, tabaka hili huweza kuwa jembamba kwa siku chache, kisha likarudi. Kwa nini? Chemsha maziwa uone. Yakifura, utando husukumwa pembeni na katikati hubaki mwembamba. Ukiyaepua, hutulia. Ndivyo hali ya hewa inavyofanya. Mgandamizo mkubwa wa hewa ukikaa mahali, hewa iliyo juu yake huinuliwa. Ile yenye ozoni nyingi husambaa pembeni, na upepo huleta nyingine yenye ozoni kidogo kutoka pande za joto. Mgandamizo ukihama, yamekwisha. Ozoni haikuharibiwa, imesogezwa tu.

Tundu kubwa la Ncha ya Kusini, lililotangazwa na wataalamu wa Uingereza mwaka 1985, ni jambo jingine. Hilo lilitokana na kemikali, kama zile za majokofu ya zamani. Hufunguka kila mwaka mnamo Agosti au Septemba, likaziba kuelekea Desemba. Nchi zilikubaliana kuziacha kemikali hizo katika Mkataba wa Montreal wa 1987, Tanzania ikajiunga 1993, na tundu linapona polepole.

Sasa sisi je? Matundu hayo hayafiki Mara. Lakini usivue kofia! Tuko karibu na Ikweta, jua hupita utosini Machi na Septemba, na ozoni ya huku ni nyembamba kwa asili kuliko ya Ulaya. Ukipanda milima ya Tarime, hewa ya kukukinga inazidi kupungua. Kwa hiyo mionzi ni mikali mwaka mzima, hata siku yenye ubaridi, maana mionzi hii huisikii kama joto. Mwenye ualbino nyumbani kwako asitumwe palizi saa sita mchana. Saratani ya ngozi inaua. Mpe kofia pana na mikono mirefu, na kazi ya kivulini.

Na mahindi? Yale yananyauka kwa kukosa maji. Mvua ya vuli huendeshwa na joto la bahari: La Niña ya 2020 hadi 2022, kule Pasifiki, ilipunguza vuli Afrika Mashariki. Basi tandaza mabua na majani shambani, usiyachome. Wa tambarare za Serengeti, tenga sehemu ya shamba kwa mtama na mihogo. Mbegu muulize bwana shamba au bibi shamba wa kata yako mapema, kabla mawingu hayajaanza kujikusanya.