Mbuni na Kiota Chake Kando ya Shamba

Ndugu wakulima, leo tunazungumza juu ya mbuni. Wenzetu wa Moshi na Bukoba wasikimbilie mikasi ya kupogolea: siyo mti wa kahawa huu, ni yule ndege mkubwa asiyeruka, ambaye wanaolima karibu na mbuga humwona mara kwa mara.

Dume aliyekomaa hupita meta 2 kwa kimo, na uzito wake ni kilo 100 hadi 150. Mabawa anayo, lakini hayawezi kuinua mzigo huo. Kinga yake ni miguu. Hukimbia hadi kilometa 70 kwa saa, na teke lake huenda mbele, siyo nyuma kama la punda. Ukucha wake waweza kumpasua mtu.

Sasa, unafyeka, mara unakuta shimo la udongo lina mayai, na mengine yametapakaa nje. Usidhani yametupwa. Jike mkuu hutaga kwanza, kisha majike wengine huja kutaga humo humo. Yeye huweza kulalia kama 20 tu, basi yanayozidi huyasukuma pembeni. Na hasukumi ovyo! Utafiti uliofanywa Tsavo, Kenya, na kuchapishwa mwaka 1979, ulionyesha kwamba anayatambua yake. Yanayotolewa nje ni ya wenziwe. Mnyama mwizi akija, mara nyingi huanza na hayo.

Mchana hulalia jike, mwenye rangi ya vumbi. Usiku hulalia dume mweusi. Akiona hatari hulaza shingo chini, ndipo watu wakazua kwamba hufukia kichwa mchangani.

Yai moja ni kama mayai 24 ya kuku, kwa hiyo tamaa naielewa. Lakini mbuni wa porini ni mnyamapori, na kuchukua mayai yake bila kibali ni kosa. Mwarifu bwana nyama. Acha kipande hicho bila kufyeka, funga mbwa. Tangu kulaliwa hadi kuanguliwa ni siku 42 hivi, na vifaranga hawakawii kuondoka na wazazi wao.

Ukimwona mbuni anaburuta mabawa kama aliyevunjika, usimfuate. Anakuvuta mbali na wanawe. Tazama chini unapokanyaga, rudi ulikotoka polepole. Akikujia, usishindane naye mbio. Ingia nyuma ya mti au kichaka cha miiba, ungoje aondoke.