Kujitolea Ugenini

Mabarazani Mnazi Mmoja na Kariakoo husikika vijana wakitamani kwenda nchi za mbali kuwahudumia watu pasipo ujira. Nia hiyo ni njema, lakini na waujue uzito wake.

Natumtazame marehemu Dakta Abdulrahman Al-Sumait wa Kuwait. Mwaka 1981 alianza kazi yake ya kuwasaidia watu wa Afrika, akadumu nayo karibu miaka 30. Alisafiri vijijini hali ana maradhi ya sukari. Mkewe alikuwa mwenziwe katika kazi hiyo, hata wakafanya maskani Manakara, huko Bukini. Chuo cha ualimu kilichofunguliwa Chukwani, Unguja, mwaka 1998 ni tunda la jitihada hizo; leo ni chuo kikuu chenye jina lake. Alifariki mwaka 2013.

Maradhi yana dawa. Upweke ni mzito zaidi. Idd hupita ukiwa peke yako, na msiba wa nyumbani hukufikia mazishi yamekwisha. Sahaba Muadh bin Jabal alipotumwa Yemen, hakumwona tena Mtume (s.a.w.).

Basi twawasihi vijana: ombeni radhi za wazazi, lipeni madeni, waachieni watu wenu masurufu, jifunzeni lugha ya wenyeji. Nanyi mliobaki, msimsahau aliye mbali kwa salamu na dua. Na arudipo mpokeeni kwa subira, kwani huenda akajiona mgeni kwao.

Wabillahi tawfiq.