Vitamini E Mwilini: Mlinzi au Mwamrishaji?

Mnunuzi wa mawese sokoni Bukavu huyatambua kwa wekundu wake. Wekundu huo hutokana na karotini. Vitamini E iliyomo haionekani kwa macho. Makala haya mafupi yanakusudia kueleza jinsi vitamini hiyo inavyoathiri vimeng'enya na jeni.

Vitamini E iligunduliwa mwaka 1922 na Herbert Evans na Katharine Bishop huko California, walipoona kwamba panya walioikosa walishika mimba bila kuzaa. Si kitu kimoja, bali ni kundi la viungo 8: tokoferoli 4 na tokotrienoli 4. Mawese ni miongoni mwa mafuta machache yenye tokotrienoli kwa wingi.

Kwa muda mrefu vitamini hii ilihesabiwa kuwa mlinzi tu, anayezuia mafuta ya utando wa seli yasiharibiwe na oksijeni. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, Angelo Azzi na wenzake mjini Bern, Uswisi, walionyesha kwamba alfa-tokoferoli hupunguza pia utendaji wa protini kinasi C. Kimeng'enya hiki hubandika fosfati kwenye protini nyingine, na hivyo huchochea seli za misuli ya mishipa ya damu kuongezeka. Beta-tokoferoli, ambayo nguvu yake ya ulinzi inakaribia ile ya alfa, haikuleta matokeo hayo. Basi ulinzi peke yake hautoshi kueleza jambo hili. Aidha, katika seli hizo alfa-tokoferoli ilipunguza utendaji wa jeni ya CD36, ambayo protini yake huingiza ndani ya seli kolesteroli iliyoharibika.

Hata hivyo, mjadala haujafungwa. Mwaka 2007 Maret Traber na Jeffrey Atkinson walishikilia kwamba athari hizo zote zaweza kuelezwa kwa ulinzi ule ule.

Hapa lugha nayo ina neno. "Kimeng'enya" latokana na kumeng'enya, yaani kuvunjavunja chakula. Lakini kinasi havunji, hubandika. Mwalimu asipolifafanua hilo, mwanafunzi hupotoshwa na istilahi yenyewe.

Tena, kiamrishacho jeni si cha kumezwa ovyo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa wanaume waliomeza vipimo 400 vya vitamini E kila siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi. Mawese ya mlo wa kawaida ni jambo moja. Vidonge vya dozi kubwa ni jambo jingine.