Zahanati Si Mahali pa Kutafutia Washiriki Tu

Wagonjwa wengi wa Nyanda za Juu Kusini huanzia zahanati au kituo cha afya, si hospitali ya rufaa. Kwa hiyo jaribio la tiba linalokwepa ngazi hiyo hutuachia jibu nusu. Mwaka 2011 hadi 2012, kipimo cha kifua kikuu cha GeneXpert kilijaribiwa katika vituo vitano vya huduma za msingi kusini mwa Afrika na Tanzania, ambako kituo kilikuwa Mbeya. Muuguzi aliyepewa mafunzo mafupi alichanganya makohozi na dawa ya maji, akatikisa, akasubiri dakika 15, akaingiza kwenye mashine na kupata jibu ndani ya saa mbili. Aliiweza kazi hiyo vizuri. Kati ya waliopimwa hivyo, asilimia 23 walianza dawa siku hiyohiyo, dhidi ya asilimia 15 ya waliopimwa kwa hadubini. Hata hivyo, miezi sita baadaye hali za makundi yote mawili zililingana, kwa kuwa matabibu walikwishazoea kuanzisha dawa kwa kuangalia dalili na eksirei. Ukweli huo, mchungu kwa watengenezaji na wenye manufaa makubwa kwa wizara, usingeonekana maabara.

Iringa nako, jaribio la Shikamana lililofanyika Ilula na Mafinga liliwapa wanawake wanaofanya biashara ya ngono waelimishaji rika, upimaji wa VVU mtaani na watoa huduma waliofundwa kuwapokea bila kuwanyanyapaa. Baada ya miezi 18, maambukizi mapya yalikuwa asilimia 5.0 kwa waliopata huduma hizo na 10.4 kwa wengine. Hapo lugha ya mapokezi nayo ilikuwa sehemu ya tiba.

Wapo wanaosema wauguzi ni wachache mno kubebeshwa fomu za utafiti, na kwamba mgonjwa hawezi kumkatalia muuguzi anayemtegemea kwa dawa. Hoja zote mbili ni za kweli, na ya pili inanitia wasiwasi zaidi. Ndiyo maana ridhaa iombwe na mtu mwingine kabisa, bajeti ya utafiti imlipe mtumishi wa ziada, na kabla ya kibali kutolewa ijulikane nani atanunua vitendanishi watafiti wakishaondoka.